Kabichi kwenye Zizi la Ndama

Mwanangu Paskalina,

Uko nyuma ya ukuta huu huu ninapoandikia. Nakusikia unavyocheka na binamu zako, na shangazi yako Regina anawaambia mnyamaze mumalize nywele. Ningeweza kugonga ukuta nikakuita, lakini utakuja na kundi lote hilo na mimi nitasahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo nimejificha kwenye ghala, nimekaa juu ya gunia la mahindi, mlango wazi nipate mwanga kabla jua halijazama. Kuku mmoja ananitazama kama mgeni.

Sitaandika habari za kupika, wala za kuheshimu wakwe, wala za kuamka mapema. Shangazi yako ameyasema hayo wiki nzima, na kuhusu kuamka, katika nyumba hii wewe ndiye uliyekuwa unaniamsha mimi. Nataka kuandika habari za kabichi. Tangu siku ile tuliyotoka Dirma kwa wakwe zako nina furaha ya ajabu. Natembea peke yangu uani nikipima matuta ambayo hayapo. Kama ningekuwa na umri wa Samweli wako, kesho ningepanda gari lenu na jembe begani, na watu wa harusi wangenishangaa.

Wewe siku ile uliinamisha kichwa kama binti aliyeposwa, kwa hiyo hukuuona uso wa baba mkwe wako. Mimi niliuona. Mzee alikuwa anakueleza kwa upole desturi ya kwao, kwa sababu sisi watu wa jembe hatuna, na hakutaka uje kuaibika mbele ya wageni.

"Ukifika kwenye lango la boma usiingie," alikwambia. "Simama hapo. Mimi nitatoka nikuulize unataka nini, na wewe utasema unataka mtamba. Usiogope, nimeshamchagua. Ana doa jeupe kwenye paji."

Ukasema, "Ahsante sana, baba. Naweza kuomba kitu kingine badala yake?"

"Unataka dume?" Watu wakacheka.

"Naomba zizi la ndama. Lile la karibu na kisima."

"Pamoja na ndama wake?"

"Hapana, baba. Ndama mtawahamisha. Nataka kupanda kabichi."

Hapo ndipo aliponigeukia mimi. Fimbo yake ilisimama hewani. "Mwenzangu, huyu mtoto ana homa? Nampa mtamba, yeye ananiomba mavi."

Yule baba mdogo wa Samweli, mwenye kofia, akaingilia: "Mpe, kaka, mpe. Umepata mkwe wa bei nafuu."

"Majani ni chakula cha mbuzi," mzee akasema.

"Basi mbuzi wakija wakila, utajua kabichi zimeota," akajibu yule wa kofia, na hata akina mama waliokuwa upande wa pili wakacheka.

Mzee peke yake hakucheka. Alikutazama, akalitazama zizi, akasema: "Sawa. Msimu mmoja. Nisipoziona hizo kabichi, ndama wanarudi kwao, na habari ya mtamba tusiizungumze tena."

Njiani ukaniuliza kama umeharibu. Mimi nilikuwa kimya, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nafikiria udongo wa lile zizi, ndama walivyolala pale miaka na miaka, na jinsi kisima kilivyo karibu. Nilikuwa na wivu, mwanangu.

Lakini nimefikiria pia upande wa pili. Umekataa ng'ombe mbele ya watu ambao ng'ombe kwao ni jina la mtu. Kabichi zikifunga vichwa, utakuwa na bustani yako na neno lako katika boma lile. Zisipofunga, utakuwa yule mke aliyekataa mtamba, na watoto wa watoto wao watasimuliwa. Ndiyo maana nakuandikia makosa yangu. Mafanikio yote ya bustani hii yalikuwa ya mama yako, na yeye hakuyaeleza, aliyafanya tu. Mimi nimejifunza kwa kukosea, na wewe ulikuwepo ukila matokeo yake.

Kosa la kwanza unalikumbuka. Mama yako alipofariki aliacha kitalu pale chini ya dirisha la jiko, miche ikiwa na majani mawili mawili. Mtu akiacha kitu kama hicho unafanyaje? Nilikimwagilia asubuhi. Nikakimwagilia mchana, watu wa msiba wakiwa bado wamekaa uani. Nikakimwagilia jioni. Wewe ulikuja ukachuchumaa, ukasema, "Baba, miche imelala." Nikakwambia iache ipumzike. Kumbe ilikuwa imeoza shingoni. Mama Fabiani, jirani yetu, alipita akaung'oa mmoja kwa vidole viwili kama anatoa unywele kwenye chakula.

"Baba Paskalina, umeinywesha mpaka imekufa."

"Nilidhani ina kiu."

"Uliiuliza?"

Nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kwa hiyo kitalu chako kimwagilie asubuhi tu, na kabla ya hapo chomeka kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka kimeshika udongo, rudi ukanywe chai. Dirma kuna joto kuliko huku kwetu, utatamani kuongeza. Badala ya maji ongeza kivuli: nyasi kavu juu ya miti mifupi, zipitishe mwanga kidogo. Na panda mbegu mvua zinapokaribia kuisha, ili vichwa vije kufunga kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kabichi haipendi kufunga kwenye jua kali. Huko mbugani hiyo baridi ndiyo mtaji wako, na haikai muda mrefu.

Kosa la pili lilitokana na kutojua kwamba samadi ina umri. Nilimwona mama yako akibeba samadi kila mwaka, sikuwahi kuona anaitoa wapi. Nilichota ya juu kabisa, ya jana na juzi, nikaijaza kwenye mashimo kama mtu anayelipiza. Nusu ya miche iliungua. Iliyobaki ilikua kwa fujo, majani mapana kama mwavuli, na katikati hakuna kitu. Haikufunga hata moja. Tulikula majani yale wiki baada ya wiki, mpaka siku moja uliweka kijiko chini ukaniuliza, kwa adabu kabisa, kama sisi sasa ni mbuzi.

Zizi lile la Dirma ni hatari hiyo hiyo. Ukiingia na jembe siku ya kwanza ukapanda, utapata mwavuli. Kwangua tabaka la juu, lile laini lenye harufu kali, ulirundike pembeni na kulifunika kwa nyasi. Litakufaa msimu mwingine. Chini yake utakuta samadi nyeusi inayovunjika mkononi na kunuka kama msitu baada ya mvua. Hiyo sasa chimbua pamoja na udongo wa chini, uchanganye, uache ipoe wakati miche iko kitaluni. Usiwe na haraka hapo, hata shemeji zako wakikuuliza kila siku kama umepanda.

Mama yako alikuwa na kipimo kimoja. Alilaza mkono kwenye tuta, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, akapanda mche mmoja kila mwisho. Jioni mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu wa udongo mpaka kwenye kiwiko na wa kushoto safi, na ndivyo alivyokaa mezani. Mimi nilibana miche kwa sababu niliona huruma kuitupa iliyozidi. Nikavuna kabichi za ukubwa wa ngumi. Wewe una mkono kama wake. Nimeutazama juzi ulipokuwa unapepeta mchele. Ulaze tu chini, utatosha.

Mwaka uliofuata nilifanikiwa karibu kabisa, na hapo ndipo nilipochekwa na kabichi zenyewe. Zilikuwa zimefunga vizuri, nikaanza kutembea kifua mbele. Nikasafiri kwenda Mbulu kwenye harusi ya binamu yangu, nikakaa kule bila kumwachia mtu ndoo. Udongo ukakauka. Siku niliyorudi ikanyesha mvua kubwa isiyo ya wakati wake. Asubuhi vichwa vilikuwa vimepasuka, kimoja baada ya kingine. Mama Fabiani akasimama kwenye uzio: "Baba Paskalina, njoo uone. Kabichi zako zinacheka." Basi jifunze kutoka kwangu. Zikishafunga, zipe maji kidogo kidogo bila kuruka, na ukisafiri mwachie mtu kazi hiyo, usiwaachie Mungu na mawingu. Kichwa kikiwa kigumu unapokibonyeza, kata. Kukiacha ili watu wazidi kukisifia ndiyo kukiita kipasuke.

Kuhusu maji ya kisima chenu, ng'ombe watangulie. Sikwambii hivyo kwa unyonge. Mtu aliyeamka usiku kuleta ng'ombe kisimani akikukuta na ndoo ya kabichi mbele yake, hata akikupisha hatasahau. Wewe nenda baada yao. Maji ya kuoshea mboga na ya kunawa mikono yasimwagwe, yana mahali pa kwenda.

Hili linalofuata lisome mara mbili, kwa sababu kwetu lilikuwa mzaha na kwao halitakuwa mzaha. Yale majani ya nje unayobandua ni chakula kitamu sana kwa ng'ombe. Nilimpa ng'ombe wetu Simba beseni zima alfajiri, nikakaa kumkamua. Maziwa yakanuka kabichi. Chai ikanuka kabichi. Padre alikuja siku hiyo, akanywa kikombe kimoja polepole, akasema ahsante, ametosheka. Sasa fikiria jambo hilo litokee katika boma ambalo maziwa ndiyo chakula, ndiyo baraka, ndiyo heshima ya mgeni. Mkwe wako hatauliza kosa ni la nani, atalitazama zizi lako. Majani wape ndama walioachishwa kunyonya. Ng'ombe wa maziwa wape baada ya kukamuliwa jioni, na kidogo. Ukifanya hivyo, ndama wataanza kukufuata kwenye uzio kabla ya watu.

Kuna kosa moja nililirudia mwaka hadi mwaka, na kulisimulia ni kugumu kidogo. Lile tuta la mama yako, la chini karibu na korongo, sikutaka kulihama. Mama Fabiani aliniambia kabichi haitaki kulala kitanda kimoja kila mwaka. Nilimjibu kwamba udongo ule ni mzuri. Ulikuwa mzuri, ni kweli. Lakini sababu yangu ilikuwa nyingine: pembeni palikuwa na alama aliyozoea kukanyagia, pamebonyea kama bakuli, mguu wake wa kushoto. Nilipopanda nilikanyaga hapo hapo. Msimu wa kwanza ilikubali. Wa pili majani yakaanza njano pembeni, mishipa myeusi. Wa tatu nilikata kichwa nikakuta kimeoza ndani, na bado mwaka uliofuata nikarudi pale pale na miche mipya. Nilijiambia ni mbegu mbaya.

Halafu likaporomoka lile tope la mlima. Sina haja ya kukusimulia, ulikuwa umenishika shati. Sisi tulibaki na nyumba. Majirani wengine hapa Jorodom hawakubaki na nyumba, na wengine hawakubaki. Tulipoweza kushuka kule chini, tuta la mama yako lilikuwa chini ya mawe na magogo, na sikujua hata lilianzia wapi. Nilitembea juu yake nikitafuta ile alama ya mguu, kama mjinga. Wewe ulinitazama ukaniacha.

Kwa kuwa hapakuwa na pengine, nilipanda nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa analala Simba kabla hatujamjengea banda jipya. Sikutarajia kitu. Unajua kilichotokea. Kabichi zile tulizibeba kwa toroli. Mama Fabiani alibonyeza moja, akabonyeza nyingine, akasema tu, "Eee," na ni mtu asiyekosa la kusema. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani. Nilifurahi na nililia, kwa sababu nilielewa kwamba ningeweza kuhama siku nyingi, na kwamba mama yako asingeniuliza kitu. Yeye mwenyewe alihama kila mwaka. Nilikuja kukumbuka baadaye: viazi pale, maharage huku, kabichi pengine. Ile alama ya mguu alikanyagia kupanda kila kitu, siyo kabichi tu. Mimi ndiye niliyeifanya kuwa ya kabichi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nichukue kalamu leo, maana nimekipata asubuhi hii nikiwanywesha mbuzi maji, nusura niangushe ndoo.

Mzee amesema ni msimu mmoja, kisha ndama wanarudi. Sisi wote tulilipokea kama tishio, na wewe ulisema "sawa, baba" kwa sauti ndogo. Paskalina, hilo siyo tishio. Hicho ndicho kabichi inachotaka. Hata kama zikifunga zote, msimu wa pili hutakiwi kupanda pale. Ndama warudi. Walale pale, wakojoe pale, waurutubishe upya. Na wewe uhamie kule walikotoka, ambako watakuwa wameshakuandalia kitanda. Kisha mnabadilishana tena. Ndama mbele, kabichi nyuma. Watu wa kule wanahamisha mazizi tangu mababu zao, hakuna wa kuwafundisha hilo. Sisi wa jembe ndio tunaong'ang'ania kipande kimoja mpaka kitukatae.

Kwa hiyo mwisho wa msimu, kabichi zikiwa zimekuja na mzee akisimama pale akiona aibu kukunyang'anya, mtangulie. Mwambie: "Baba, majirani zangu ndama warudi kwao, mimi nipe walikolala." Ningependa kuuona uso wake siku hiyo kuliko nilivyouona siku ile ya fimbo.

Na zikishindikana? Inawezekana. Viwavi wanaweza kuja wengi kuliko vidole vyako, kisima kinaweza kukauka, mbuzi wa mtu anaweza kuruka uzio saa moja tu kabla ya mavuno. Zikishindikana, usiwafiche, na usikubali kuchekwa peke yako. Cheka nao, kisha nipigie. Ukiona tundu la kwanza kwenye jani nipigie pia, usisubiri jani liwe chandarua. Lakini sitakuja kukagua. Nimejiapiza hivyo, na shangazi yako ni shahidi, ingawa amesema haniamini. Nitakuja ukiniita, nile, nikae kwenye kigoda cha wageni na mikono mitupu.

Nilikuwa nimefika hapo, natafuta namna ya kumaliza, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Samweli. Akanisalimu, "Shikamoo baba," akasema mzee anataka kusema na mimi. Nikadhani amebadili mawazo kuhusu zizi, na kesho asubuhi ndiyo hiyo.

Tukasalimiana. Akauliza ng'ombe, nikamjibu. Nikauliza ng'ombe wake, tukachukua muda mrefu. Kisha akakohoa. Samweli alikuwa karibu, maana nilimsikia mzee akimwambia asogee mbali.

"Mwenzangu," akasema, "ndama nimeshawahamisha. Walipiga kelele usiku kucha."

"Pole sana," nikasema.

"Uzio nimeongeza miba. Mbuzi wa mdogo wangu hawana adabu."

"Ahsante sana, mzee."

Nikasikia upepo wa Dirma kwenye simu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji wake mwenyewe: "Hiyo kabichi. Inakubali samli?"

Nikamwambia inakubali sana. Nikamwambia ikatwe nyembamba, samli ipate moto kwanza, isiive mpaka ilegee.

"Isilegee," akasema.

"Isilegee."

"Basi nitamwambia mama yao atunze samli."

Akakata simu bila kuaga. Mimi bado nimekaa kwenye gunia, kuku ameshaondoka, mwanga unaniishia na shangazi yako anauliza kila mtu kama ameniona. Mkebe wa mbegu nimeufunga ndani ya kitenge cha bluu, chini ya vyombo. Kesho mzee atatoka langoni akuulize unataka nini, ingawa wote wanajua. Inua kichwa umjibu, asikie mpaka yule wa kofia.

Nakupenda, mtoto wangu. Kalime.

Baba yako,
Jorodom